Mtoto wa Gemu Aliyeitwa Watiri

Mpe Wacera kiti, naye atakitafutia kazi nyingine. Ataweka juu yake kompyuta iliyofunguliwa tumbo, au atakipanda afikie balbu. Kukaa hakai. Duka lake liko ghorofani mjini Nyeri, juu ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, Taraben, mama yake Sagar, na kutwa nzima Taraben husikia viatu vyake vikienda dirishani, vikirudi mezani, vikienda tena mlangoni. Mteja mgeni hudhani kuna mtu anayengojwa. Hakuna. Ndivyo Wacera alivyoumbwa, na aliyekuwa mumewe alilisema hilo hilo alipokuwa akifunga mizigo yake.

Kazi inayolipa pango ni kutengeneza kompyuta. Kazi iliyompa jina mjini ni nyingine: kuwachagulia watu gemu. Si za mpira, wala za kufyatuliana risasi mpaka vidole viote sugu. Hizo, atakwambia, ziko katika kila kibanda, nenda ukapige kelele huko na wenzako. Yeye anapenda gemu zenye hadithi, zile anazoingia mtu kama anavyoingia kitabuni, zenye muziki unaomfuata mpaka shambani. Majina ya Kizungu ya gemu hizo yaliwashinda wateja, basi akazibatiza upya kwa Kiswahili. Mwalimu mmoja wa hesabu alipewa Mchunga Nyuki, akarudi kulalamika kwamba anauimba ule wimbo puani hata akisimamia mtihani. Mama mmoja muuza vitunguu wa Karatina alipewa Treni ya Theluji, na mpaka leo hajamsamehe yule kondakta wa behewa la tatu. Akimtaja utadhani ni shemeji yake.

Hampi mtu gemu kabla ya kumhoji. Wimbo gani umekukwama kichwani wiki hii? Unapenda kusafiri au kubaki? Unalia kwa urahisi? Kisha humvisha vipokea sauti, humwambia afumbe macho, na kumpigia muziki wa mwanzo wa gemu mbili tatu huku akimtazama usoni. Uso ndio unaochagua, anasema. Na ana mwiko mmoja: hasemi mwisho. Umbembeleze, umletee maziwa lala, hasemi. Kwake yeye, anayekusimulia mwisho wa hadithi ni mwizi, tena mwizi wa kuku ana nafuu.

Ndipo akaja Gikonyo, mzee wa viazi kutoka Endarasha. Aliendesha lori miaka mingi mpaka goti likamgomea, na mwanawe Mwai akamletea kompyuta asizeeke kwa kutazama ukuta. Alivishwa vipokea sauti akakaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Muziki wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu ulipoanza, mkono wake ukaanza kupiga pole pole juu ya paja.

Ilikuwa ile ambayo Wacera anaiita Taa Mlimani. Humo unakuwa msafiri anayeokota mtoto mchanga wa kike njiani. Gemu inakuuliza utamwitaje, unaandika jina, na tangu hapo unamlea huku mkivuka milima. Muziki unaanza na ala moja tu ya nyuzi. Kila sura, kadiri mtoto anavyokua, ala nyingine inaingia: zumari, ngoma, kinanda, mpaka unahisi nyumba nzima inaimba. Wacera aliijua na sura ya saba, ya mwisho. Kwa sababu hiyo, kabla ya kumwekea, alimuuliza swali analomuuliza kila anayeitaka gemu hiyo.

"Baba Mwai, umewahi kuzika mtoto?"

"Apana. Mungu amenichungia wote wanne."

Akamwekea bila wasiwasi.

Siku moja asubuhi Gikonyo alipanda ngazi, goti na yote, na gunia dogo la viazi begani, akicheka peke yake.

"Hii ni yako, imetoka kwa shamba yangu. Wacera, hiyo gemu umenipatia! Saa hii nimemaliza sura ya sita. Msichana amekuwa mkubwa, ananiwashia taa, ananiambia nisiteleze. Anaitwa Watiri."

"Jina nzuri," Wacera akasema, akitafuta bisibisi chini ya makaratasi.

"Ni jina ya mama yangu."

Bisibisi alikuwa ameshaipata, lakini hakukumbuka ilikuwa ya nini.

Mzee aliendelea kueleza, ingawa Mgikuyu haelezwi mambo hayo. Binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba yake, na bibi huyo anakuwa amerudi nyumbani. Wacera mwenyewe ni bibi yake mzaa baba. Mpaka leo baba yake humwita maitu, yaani mama yangu, na humsalimia kwa adabu ya mtoto. Lakini Gikonyo alizaliwa peke yake, akapata wavulana watupu. Wavulana walipopata mabinti wakawaita kwa jina la mama yao, Kagure, mke wa mzee, kwa sababu ndivyo zamu inavyokwenda. Jina la Watiri likabaki nje, halina mtu wa kuliingia.

"Mama alikufa akijua hakuna mtu ameitwa yeye," mzee akasema. "Hakuniambia kitu. Lakini nilikuwa naona vile anaangalia wasichana wa majirani. Sasa hata kama ni wa kompyuta, nimemwita. Kagure ananicheka, ati nimezaa na mashini. Wacha acheke. Leo nikimaliza kukama namaliza sura ya saba, na yeye amesema atakaa aone."

Wacera alifungua mdomo. Mwiko ukamzuia, au labda haukuwa mwiko, ulikuwa woga uliojivika nguo za mwiko. "Haya, uende salama, Baba Mwai," ndilo lililotoka. Gari la Endarasha lilikuwa linajaza na mzee hakutaka kuachwa.

Katika sura ya saba mtoto yule hufa. Hauawi na jitu wala na adui. Anaugua njiani, anaishiwa nguvu huku mchezaji mwenyewe akimshika mkono na kumpandisha mlima, na zile ala zinatoka moja moja mpaka inabaki ile ya kwanza. Wacera aliulilia mwisho huo mara mbili, akamwapia kila mtu kwamba hajaona uliotungwa vizuri kuushinda. Sasa aliuona kwa macho mengine. Mzee angempeleka mama yake kufa, kwa vidole vyake mwenyewe, bila kujua, mkewe akitazama. Alimuuliza kuhusu watoto. Kuhusu mama hakumuuliza. Yeye, aliyeitwa maitu tangu ananyonya!

Siku hiyo viatu havikupumzika. Alifunga kompyuta ya mteja akasahau kurudisha betri, akaifungua, akairudisha, akasahau parafujo. Alichemsha chai akaiacha ipoe, akachemsha nyingine. Alimpigia mzee simu. Sauti ya mwanamke ikamwambia mteja hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Mwanamke yule hachoki, ukimpigia mara kumi atakujibu mara kumi kwa upole ule ule wa kuudhi. Gikonyo, kama wazee wengi, huzima simu ili chaji isimwishie.

Akajitetea kwamba ni gemu tu. Kisha akajijibu: kama ni gemu tu, mbona umeishi kwa kuwaambia watu si gemu tu? Akaenda dirishani, akarudi.

Mwishowe Taraben akapanda ngazi mwenyewe, mkono kiunoni.

"Wewe Wacera, iko nini leo? Kichwa yangu inauma. Mteja anauliza mimi kama huku juu iko mashini ya kusaga unga."

Wacera akamwambia yote, akizunguka meza. Taraben akasikiliza huku akimfuata kwa macho, kisha akachoka akatazama dari.

"Basi ambia yeye."

"Nitamharibia, Mama Sagar. Nikimwambia, hadithi imeisha."

"Nani anasema? Mimi naenda kuona filamu, dada yangu ameona mara nne, ameambia mimi yule bibi anakufa. Na bado nabeba leso mbili. Kama hadithi inaisha sababu umejua mwisho, hiyo haikuwa hadithi, bana. Hiyo ilikuwa kitendawili."

"Na akikasirika?"

"Atakasirika. Kwani iko shida gani, atakula wewe? Enda!"

Alifunga duka mchana kweupe na kushika gari la Endarasha. Njia nzima alitunga sentensi na kuzibomoa. Alifika jua likielekea milima ya Nyandarua, upepo wa nyanda za Kieni ukimpiga masikioni, akavuka ua mpaka mlangoni bila hata kubisha hodi vizuri. Kagure alikuwa akipanga vikombe. Ndoo ya maziwa ilikuwa imefunikwa, kompyuta imewashwa mezani, na mbele yake amekaa Gikonyo, amevaa koti la kanisani. Koti la kanisani, kwa ajili ya mtoto wa gemu! Wacera alipoliona alitamani kurudi alikotoka.

"Karibu, karibu!" mzee akasema. "Umekuja kuona mwisho na sisi?"

"Baba Mwai, nimekuja kukuambia mwisho." Alisema akiwa bado mlangoni, kwa kuwa alijua akikaribishwa chai hatasema tena. "Watiri atakufa. Kwa hiyo sura ya saba mtoto anakufa, hata ufanye nini. Nilijua nikikuwekea. Asubuhi pia nilijua na nikanyamaza. Ukitaka, wachia hapo, usifungue. Atabaki mzima. Nitakuletea ingine."

Kagure akaweka kikombe chini. Uso wa mzee, uliokuwa umekunjuka tangu asubuhi, ukajikunja.

"Sasa kwa nini umeniambia?"

Wacera alitazama lile koti la kanisani.

"Nilikuwa na raha yangu," mzee akasema, sauti ikipanda. "Siku mzima niko na raha. Umepanda gari kutoka Nyeri kuja kunitolea hiyo raha? Si ungeniacha nijionee?"

"Pole, Baba Mwai."

"Pole itafanya nini?"

Akainuka, akatoka akimpita Wacera mlangoni bila kumtazama, akasimama uani akitazama zizi. Wacera alisikia hasira ya mzee mgongoni mwake na akajiambia kwamba hii ndiyo mara ya mwisho kuchagulia mtu gemu. Atengeneze kompyuta, basi. Kagure alimpa ishara akae, naye akashindwa kukaa. Mzee aliporudi hakurudi kwenye gemu. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mama akishikwa na ugonjwa, nilikuwa Wang'uru na lori, tunapakia mchele," akasema. "Jirani akanipigia, ati mama ni mgonjwa kidogo, maliza kazi pole pole. Unajua vile sisi hufanya. Dereva haambiwi habari mbaya akiwa kwa barabara. Kijiji mzima ilikuwa inajua mama anaenda, na hakuna mtu aliniambia. Nikapakia mpaka gunia ya mwisho. Nikasimama Karatina nikamnunulia ndizi, zile laini, sababu hakuwa na meno."

Kagure alikuwa anaijua habari hiyo, ilionekana, lakini hakuwa ameisikia ikisemwa mbele ya mtu.

"Nikafika na ndizi nikapata wamemfumba macho."

"Walitaka ufike salama, Baba Mwai," Kagure akasema.

"Nilifika salama."

Chai ilikuwa inapoa na ng'ombe mmoja alikuwa akilalamika nje. Wacera aliona aibu, na chini ya aibu akaona kwamba asubuhi ile dukani naye alikuwa amefanya kama yule jirani. Maliza pole pole. Uende salama.

"Wewe umeniambia kabla," mzee akamwambia, na safari hii alimtazama. "Hasira bado ninayo, usidhani imeisha. Lakini umeniambia."

Akavuta kiti chake karibu na meza.

"Si uache tu?" Kagure akauliza. "Amesema ukiacha atabaki mzima."

"Nikiacha atabaki huko juu peke yake."

Akafungua sura ya saba. Nyumba nzima ikaimba kwanza, ala zote pamoja, na yule binti akaonekana kwenye kioo akibeba taa yake na kukohoa. Wachezaji wote hukimbia hapa, wakidhani mbele kuna dawa. Wacera pia alikimbia, mara zote mbili. Gikonyo hakukimbia. Mtoto akisimama kuvuta pumzi, naye anasimama. Akiketi juu ya jiwe, anaketi. Ngoma ikatoka. Zumari ikatoka. Kagure alishika kitambaa cha meza akakikunja na kukikunjua. Kinanda kikafifia, ikabaki ala moja ya nyuzi, na binti akalala chini kando ya njia.

Hapo gemu inamtaka mchezaji abonyeze kitufe ili azime ile taa. Wacera alikibonyeza haraka wakati wake, ili yaishe. Hakujua kwamba usipobonyeza muziki hauishi, kwamba ule uzi unaendelea kulia na mtoto anaendelea kupumua mradi upo. Mzee alitoa mkono kwenye kitufe. Aliinama mpaka uso ukakaribia kioo.

"Maitu," akasema, "ni mimi. Nimefika."