Askari wa Ngozi wa Kaka Yangu

Kaka yangu ni fundi viatu. Mtaa mzima unamwita Jenerali, ingawa jeshini hajawahi kukanyaga, na panya akipita anaruka juu ya kiti. Jina limetokana na vitu anavyokusanya: mikanda ya askari wa zamani, ala za panga, mikoba ya kuwekea risasi, vyote vya ngozi, vya enzi zile za kupigana juu ya farasi. Kila Jumamosi huvipangusa kwa kitambaa laini, akavipaka nta kwa kidole kama anayempaka mtoto mafuta. Mkewe alipofariki, Mungu amrehemu, hivyo ndivyo vilivyobaki kumsikiliza.

Mwaka jana akapata mchumba, mjane mwenzake, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache. Siku ambayo huyo mama angekuja kuiona nyumba, kaka aliingia kwangu asubuhi na magunia manne.

"Dada, nifichie. Akikuta ukuta mzima ni mali za askari waliokufa, atakimbia."

"Na akiniuliza mimi?"

"Sema ni za mpangaji."

"Sina mpangaji, na uongo sisemi."

"Basi usiulizwe."

Nyumba ilimridhisha yule mama. Ila alipotoka huko akapitia kwangu kumsalimia wifi yake mtarajiwa, na gunia moja lilikuwa limeachama mdomo. Akachomoa mkoba wa risasi, akaugeuza, akapitisha ukucha kwenye mshono.

"Huu umeshonwa kwa mkono. Wa nani?"

Nilimwomba Mungu anipe neno, likaja hilo hilo la kweli. "Wa kaka yangu."

"Na magunia yote haya?"

"Yake. Anaogopa utamkimbia."

Akaurudisha mkoba guniani. Chai niliyomwekea ikapoa mezani. Nikaona ndoa ya kaka inaondoka hivi hivi, na aliyeifungulia mlango ni mimi.

"Wifi," akasema mwishowe, "ngozi hazinisumbui. Lakini mtu anayenificha magunia manne kabla ya ndoa, baada ya ndoa atanificha nini?"

Akainuka kuondoka.

"Mwambie avirudishe ukutani, kila kimoja mahali pake. Ijumaa nitakuja tena. Nikikuta msumari mtupu, tusijuane."

Kaka hakuniambia neno la lawama. Alibeba magunia yake kichwani, safari mbili, akashinda siku nzima akitundika.

Ijumaa nilimsindikiza huyo mama. Kaka alimweleza kitu kimoja kimoja: mkanda huu wa mpiga ngoma, ala ile ya ofisa. Mwenzake alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaingia chumbani, akatazama ukuta wa juu ya kitanda, umejaa mpaka darini.

"Jenerali," akasema, "hawa askari wako wahamie sebuleni. Humu tutalala wawili."

Kaka akaenda kutafuta nyundo.