Susana na Deni Lisilodaiwa

Mimi ni Helen, nauza omena, dagaa wa ziwani kutoka Sindo, pale sokoni Migori, na Susana alikuwa akishona nguo kwenye veranda iliyo nyuma ya meza yangu. Kwa hivyo haya sikuhadithiwa. Susana ni Mkuria, mrefu, mkavu wa maneno. Ukimletea kitambaa kidogo atakuambia wazi kwamba hakikutoshi, hata kama umesimama na mumeo. Nilimpenda kwa hilo, ingawa kuna siku aliniudhi mpaka nikahamisha meza.

Cherehani yake aliichukua kwa Osman, mwenye duka pale mjini, kwa mpango wa kulipa pole pole kila mwezi. Aliyetia sahihi ni mumewe, Gichana, maana siku hizo mwanamke peke yake hakukopeshwa hata sufuria. Lakini mlipaji alikuwa Susana. Alilipa vizuri, ikabaki kama robo hivi. Ndipo ikaja ile mvua ya Elnino. Barabara zikakatika, watu wakawa wanatafuta unga tu, nani angeshona gauni? Na Gichana naye akashikwa na kifua, akalala. Susana akaanza kuruka miezi.

Osman akatuma watu na mkokoteni.

"Mama, tumekuja kuchukua mali ya tajiri."

"Na pesa nilizolipa, mmeniletea?" Susana akauliza.

Karatasi ilisema hivyo: ukishindwa kulipa, kitu kinarudi dukani, na ulichotoa ndiyo kimekwenda. Yawa! Huo si wizi? Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka, wauza ndizi wakaja mbio, na wale watu wakaondoka mikono mitupu. Osman akaenda kortini.

Binamu yangu Priscilla alikuwa wakili Homa Bay. Aliisoma ile karatasi, akaigeuza nyuma, akacheka. Mkataba wa namna ile, alituambia, sheria inataka uandikishwe serikalini, tena mapema, na Osman hakuuandikisha. Kwa hivyo hauna nguvu. Hawezi kuichukua cherehani, na hata ile robo iliyobaki hawezi kuidai. Hakimu naye akasema vivyo hivyo. Siku hiyo nilicheza nje ya korti mpaka leso ikanivuka. Susana yeye alirudi kushona.

Gichana hakupona. Tulimzika nyumbani kwao, upande wa Kehancha.

Sasa, kule kwao, na kwetu Waluo pia, kaburi likishafukiwa, mtu wa ukoo husimama akauliza: ni nani aliyekuwa akimdai marehemu? Aseme sasa, mbele ya watu. Masese, ndugu yake Gichana, akasimama akauliza. Mmoja akataja gunia la mahindi. Mwingine akataja jembe. Halafu macho yote yakamgeukia Osman. Ndiyo, alikuwa amekuja! Alikaa na wazee tangu asubuhi. Moyo ulinipasuka. Kortini alishindwa, lakini hapa hakuna wakili. Deni likikubaliwa hapa, ukoo unalipa, na kitu cha kwanza ambacho ukoo ungeuza ni ile cherehani.

Osman akasimama.

"Mimi simdai Gichana chochote. Dini yangu inanihimiza nisimwache maiti amefungwa na deni. Nimemsamehe, yeye na mkewe."

Watu wakaguna kwa kumsifu. Mimi nikashusha pumzi. Susana, lo! Aliinuka pale alipoketi na wanawake wa ukoo, macho mekundu.

"Unanisamehe nini, Osman? Korti imesema huna lako kwangu."

"Korti imesema siwezi kukudai, mama," Osman akajibu taratibu. "Haikusema hamkukopa."

Nyasaye, Mungu wangu! Nilitaka ardhi inimeze. Nikamvuta gauni. "Keti, dada, umeshinda mara mbili, nyamaza basi!" Hakuketi. Kilichokuwa moyoni aliniambia baadaye. Alijua kwamba mtu yule alitaka kumlia pesa zote na cherehani juu yake. Alijua pia kwamba watoto wake walilipiwa karo na cherehani ambayo yeye mwenyewe hajaimaliza. Kortini aliuona uchungu wake tu, na hakuna aliyemuuliza hilo lingine.

"Ungenichukulia cherehani na jasho langu lote," akasema.

"Ningeichukua," Osman akakubali. "Karatasi iliniruhusu. Haikuwa vizuri."

Susana akamgeukia Masese. "Shemeji, ile robo iliyobaki si ya ukoo, asiuze mtu kitu chochote. Ni yangu. Mwezi nikiwa nayo nitapeleka, nisipokuwa nayo sitapeleka, na asitumwe mtu mlangoni kwangu."

"Lakini nimekwisha kusamehe," Osman akasema, na nadhani aliona haya. "Hakuna tena wa kukulazimisha."

"Ndiyo maana nitalipa," Susana akasema, akaketi chini, akaanza kumlilia mumewe.