Sweta Lililofumuliwa Likiwa Mwilini

Wananchi wa Msamala, Mjimwema, Bombambili na kote ambako kipupwe huingia bila kupiga hodi, mnatangaziwa kwa unyenyekevu mkubwa, mkiwa mmesimama wima na kofia mkononi, ya kwamba kati yenu anaishi mwanamke aliyelimaliza sweta lake bila kulivua. Mwenye shaka amuulize Fransisko wa mitumba, ambaye tangu siku hiyo amepungukiwa na maneno.

Mwanamke mwenyewe ni Asumpta, mfumaji, ila Msamala nzima inamwita Mama Pankrasi kwa jina la mwanawe. Sindano zake ni spoki za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe zama zile ambazo ukiingia dukani unakuta rafu na muuza duka, basi. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Marobota ya mitumba yakateremka Songea kama neema, au kama gharika, inategemea wewe ulikuwa unauza nini. Ghafla kila mlevi wa mjini ana koti la sufu lenye vifungo vya jemadari.

“Mama Pankrasi, pumzisha vidole,” Fransisko alimwambia sokoni, amesimama juu ya robota kama mgombea. “Nani atasubiri sweta mwezi mzima, na mimi ninayo hapa yanagombania hewa?”

“Yaliyotoboka niwekee,” Asumpta akajibu.

Ujanja wenyewe ulikuwa hapo. Aliyanunua yaliyotoboka, akayafumua, akaufua uzi, akautundika na jiwe chini mpaka ukasahau mikunjo ya Ulaya, akafuma upya. Mwaka ule wa tisini na tatu alivisha skafu kwaya nzima. Alimfumia Mzee Tadei, mwenye mguu mmoja uliovimba, soksi mbili zisizolingana hata kidogo, lakini akizivaa zinaonekana pacha. Akamfumia kofia Polikarp, ambaye ana kichwa ambacho hakuna kiwanda kilichowahi kukifikiria. Kazi ya Wazungu aliifumua bila huruma. Kazi yake mwenyewe, hata siku moja. Mkono mmoja ukizidi mwingine, mteja aliambiwa, “Kunja.” Pindo likienda upande, “Simama vizuri.”

Mwenzake wa nyuzi ni Halima, mke wa mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru. Huyu ni mtu wa kulabu, ile sindano moja yenye ncha iliyopinda, na vitambaa vya makochi. Mchana hukaa barazani kwa Asumpta, wakitukanana kwa mapenzi.

“Sindano mbili za nini, shoga? Mwenye akili inamtosha moja.”

“Ndiyo maana kazi zako zote ni matundu.”

Siku moja Fransisko akafungua robota, akatoa shali kubwa iliyoliwa na nondo, rangi ya chai ya maziwa, laini hata ukiigusa unaona haya, kama umemshika mtu usiyemjua. Kutokana nayo Asumpta akajifumia sweta lake mwenyewe. Alianzia shingoni akashuka mpaka pindoni, hakuna mshono hata wa dawa. Alipolivaa kanisani Pasaka, wakati wa kutakiana amani watu walishika mkono wa sweta badala ya mkono wake.

Halima alilikagua kwa desturi yao: akaligeuza nje ndani kama utumbo wa mbuzi, akatafuta mafundo, akakosa. Mwisho akatia kidole kwapani.

“Hapa panabana.”

“Hapabani.”

“Shoga, ukiinua mkono unafanana na mtu anayekamatwa.”

“Hapabani, Halima. Kunywa chai.”

Hoja hiyo walikuwa nayo mpaka Juni, wakati upepo wa milima ya Matogoro unapong'ata masikio. Ndipo Judica, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Same, akajifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo kiasi kwamba kiganja kimoja cha Asumpta kilimtosha kuwa kitanda. Hospitali ilipomruhusu Judica kurudi nyumbani Mjimwema, aliambiwa jambo moja: baridi isimpate huyu. Halima akakimbilia kulabu, akatengeneza kikoti kwa uzi wa dukani. Asubuhi kilipovaliwa kilipendeza. Kabla jua halijafika utosini mtoto alikuwa mwekundu shingo nzima, analia kwa sauti ya bawaba ya kabati.

Judica akaja barazani kwa Asumpta, mtoto kifuani, kikoti mkononi.

“Shikamoo, mama. Nifanyeje? Uzi unamchoma, na kila nikimtoa kifuani anapoa.”

Asumpta alikuwa amevaa sweta lile. Halima alitazama dari kwa bidii ya fundi.

“Halima,” Asumpta akasema, “tafuta ncha.”

“Ncha ipi?”

“Hapo pindoni. Ila sivui, nina baridi.”

Halima akaipata ncha, akavuta. Kwa kuwa sweta lilifumwa kuzunguka, ikabidi Halima amzunguke, kama jogoo aliyefungwa kamba, huku Asumpta kakaa kwenye kigoda, spoki zinagongana. Uzi haukupewa hata nafasi ya kuwa donge. Ulitoka mwilini ukaenda sindanoni, bado umejikunja kama tambi. Upande huu sweta linakufa, upande huu sweta linazaliwa, na katikati ni uzi mmoja hewani.

Aliyekuwa anaenda mashineni akatua ndoo ya mahindi. Polikarp akavua kofia. Fransisko akafika na baiskeli na mzigo wake, akafungua mdomo atangaze bei, akaufunga.

“Kitovu kinakaribia, shoga!” Halima akahema.

“Wafumbe macho. Vuta.”

Blauzi ya zamani yenye kiraka ikajitokeza mbele ya mtaa mzima. Hakuifunika.

Adhana ya magharibi ilikuta kisweta kimekwisha, na kofia ya ukubwa wa ndimu. Asumpta alibakiwa na kipande cha kifua na mikono tu, kama mcheza sarakasi. Judica akamvika mtoto, akatia mkono mgongoni kwake. Tukangoja. Mtoto akapiga chafya, akasinzia. Shingo, iliyokwisha kutulia tangu kikoti kilipovuliwa, ilibaki rangi yake.

“Ana joto,” Judica akasema. “Mama, ana joto!”

Aliyelia alilia. Fransisko akasogea na kofia mkononi.

“Mama Pankrasi, wewe hujawahi kufumua kazi yako. Na ile ndiyo iliyokuwa kazi kuliko zote. Moyo huo umeutoa wapi?”

Asumpta akainua mkono mmoja juu kabisa, akaushusha, akamtazama Halima.

“Lilikuwa linanibana makwapani.”