Pointi kwa Kila Habari Mpya

Muuguzi wa kliniki ya kisukari alimwambia baba kwa upole kwamba sukari isiposhuka kwa vidonge na kutembea, itabidi aanze sindano. Baba amelala porini na ng'ombe miaka mingi huku fisi wakilia karibu, lakini sindano anaiogopa. Njia nzima kutoka Ikungi hadi kijijini kwetu, upande wa Sepuka, alisugua mkono kana kwamba ameshachomwa.

Vidonge alimeza. Kutembea ndiko kulikomshinda.

"Nitembee niende wapi?" aliniuliza. "Mtu mzima anazunguka kijiji hana jembe, hana fimbo ya kuchungia. Watasema nimechanganyikiwa."

Nikamwekea kwenye simu programu ya kuhesabu hatua, inayokupa nyota ukifikisha lengo. Siku ya kwanza alipata nyota, siku ya pili akapata nyingi zaidi. Nilikuwa nimeshaanza kujisifu nilipomkuta kivulini anapukuchua mahindi, simu haipo. Alikuwa ameifunga kwa kitambaa shingoni mwa punda aliyekwenda kuleta maji.

"Si ulitaka nyota?" akasema. "Zimepatikana."

Mama, aliyekuwa akipepeta alizeti, alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Nyota zako hazimhusu huyu," akaniambia. "Mpeleke kwenye habari."

Kwetu huwezi kupita mlangoni kwa mtu bila kusimama, na salamu haiishi mpaka umeulizia watoto, mifugo na shamba. Basi mama akatunga kanuni. Kila nyumba utakayosalimia, rudi na habari moja. Habari ambayo mama hajaisikia ni pointi. Aliyoisikia haina kitu. Mpinzani akawa binamu yake baba, jirani yetu, ambaye wametaniana tangu wanachunga ndama. Atakayeshindwa juma hilo atamwamkia mwenzake shikamoo mbele za watu, na wazee hawa wamezaliwa msimu mmoja.

Kesho yake, kabla jua halijachomoza vizuri, nilisikia mlango. Baba ametoka. Sijawahi kumwona akitembea hivyo, mgongo umenyooka kama anawahi mnada. Jioni aliketi mbele ya mama na kuanza kumwaga habari.

"Nyumba ya bondeni, mbuzi wao amezaa mapacha."

"Nimeisikia kisimani jana. Sifuri."

"Basi kisima chenu kifungwe," akasema baba.

Ndipo akagundua siri ya mchezo: habari za karibu zote mama alikuwa nazo. Ili kupata mpya ilibidi aende mbali, ng'ambo ya korongo, hadi vitongoji ambavyo hakuwa amekanyaga tangu aache kuchunga. Binamu naye akaenda mbali zaidi. Nikawa nasubiri jioni kama mtu anayesubiri mpira redioni.

Tukaenda kliniki tukitabasamu. Muuguzi akapima, akatazama mashine, akapima tena. Sukari ilikuwa imepanda.

"Hadi kliniki ijayo tu, mzee wangu," alisema. "Isiposhuka, tunaanza sindano."

Asubuhi iliyofuata nikamfuata baba hatua kwa hatua. Nyumba ya kwanza alipewa kigoda na chai. Ya pili, chai ya maziwa, na mwenye nyumba akaongeza sukari kwa mkono mzito, maana kikombe cha mgeni hakifanyiwi ubahili. Ya tatu, hivyo hivyo. Tulikuwa tumemfanya baba mgeni wa kijiji kizima, na kijiji kilikuwa kinamkarimu kweli kweli.

Mama akaongeza kanuni: baba akinywa kikombe kimoja chenye sukari, pointi zote za siku hiyo zinafutika. Ilikuwa kanuni ngumu kuliko inavyosikika. Kukataa chai ya mtu bila sababu ni kumdharau, na sababu yenyewe baba hakuwa amemwambia yeyote nje ya nyumba yetu. Nilikuwapo aliposimama uani kwa mama mmoja mzee, akazungusha kofia mikononi, akasema, "Shikamoo mama. Niwie radhi, nina kisukari. Halafu niko mchezoni."

"Marahaba. Mchezo gani?"

Akaeleza. Yule mama akaingia ndani, akarudi na chai ya rangi isiyo na kitu, na habari mbili.

Habari za mchezo zikatembea kuliko wazee wenyewe. Nyumba zikaanza kumwekea baba habari kiporo, zimefichwa hata kwa majirani. Binamu, ambaye kanuni ya sukari haikumhusu, wakikutana nyumba moja alikaa mbele yake akifyonza chai yake kwa kelele.

"Tamu hii," alisema. "Pole sana, ndugu yangu."

"Kunywa," baba akajibu. "Na wewe watakupima."

Kliniki iliyofuata binamu alitusindikiza, akabaki mlangoni. Muuguzi akapima. Akatazama mashine, safari hii hakupima tena.

"Imeshuka," akasema. "Endelea na vidonge, mzee wangu. Sindano tuiache."

Kabla sijashukuru, nikasikia sauti ya binamu nje, ameshampigia mama simu. "Shemeji, pokea habari mpya. Sukari ya mumeo imeshuka, hakuna sindano. Niandikie pointi."

Baba alitoka mbio, bado amebana pamba kidoleni. "Hiyo ni habari yangu. Damu ni yangu."

"Nimeifikisha mimi."

Simuni vikaja vigelegele, virefu, hadi watu kwenye benchi wakageuka. Baba akampokonya binamu simu.

"Utashangilia baadaye," akamwambia mama. "Amua kwanza, pointi ni ya nani?"