Pembe za Atonwa

Wari alikuwa mama wa ukoo wa Mbwa Mwitu, na kwa Wamohoki, wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, cheo hicho si cha mapambo. Mama wa ukoo ndiye anayemchagua chifu, ndiye anayemvisha pembe za kulungu, alama ya uchifu, na chifu akiharibu ndiye anayemvua. Siku za kawaida alisuka vikapu na kupika mkate wa mahindi na maharage kama wanawake wote wa kando ya mto, huku akikilalamikia kiuno chake.

Kitu kimoja tu hakukivumilia: kuambiwa kwamba wao ni kijiji. Pale forodhani, kwenye daraja la mpakani, alitoa pasipoti ya taifa lake mwenyewe, na afisa akicheka, hasogei ng'o, honi zilie weee.

"Kijana, taifa ni nini?" alimuuliza mmoja. "Watu? Tupo. Ardhi? Umeikanyaga. Uongozi? Tulikuwa na baraza babu yako hajapanda hata meli. Kilichobaki ni wewe kututambua, na hayo ni matatizo ya macho yako."

"Bibi, pita basi," afisa alisema, hoi.

Ndiyo maana alimvisha pembe Atonwa, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea mwenyewe. Kijana alijenga maghorofa ya chuma New York, alijua sheria, na mdomo alikuwa nao. Siku ile Wari alilia kwa furaha mbele za watu wala hakuona haya.

Kisha serikali ikaja na maneno matamu: kubalini kuwa mji chini ya jimbo letu, mpate zahanati na barabara. Atonwa akaonekana akila nao. Kwa sheria yao, chifu huonywa mara tatu ndipo avuliwe. Wari akamwonya mara ya kwanza, akamwonya ya pili. Kabla ya onyo la tatu, Atonwa akaja kumpasulia kuni.

"Mama, usinivue kwa umbea wa watu. Nawachimba tu, nijue wanataka nini. Nipe mpaka tumalize kuvuna mahindi."

"We Atonwa, usinichezee."

"Nikuchezee wewe? Uliyenipangusa kamasi?"

Wari akacheka, maskini. Akampa muda.

"Onyo la tatu unalikalia la nini?" Anen, mwanamke mwenzake wa ukoo, alimuuliza. "Au kwa sababu ni mwanao?"

"Mahindi bado yako shambani, Anen."

Mengi yalikuwa bado shambani redio ilipotangaza kwamba mkataba umesainiwa na chifu halali wa kimila. Wari alikuwa akisuka maganda ya mahindi ya kwanza kuvunwa ayaning'inize darini. Aliyaacha yakaanguka. Moyo ulimuuma jamani, ulimuuma kuliko siku alipomzika dada yake.

Wakamwita Atonwa kwenye Nyumba Ndefu, jengo la baraza lao. Alikuja amevaa suti.

"Ulisema unawachimba," Wari alisema.

"Watoto wetu wanafia njiani kwenda hospitali, mama. Taifa gani hilo lisilo na hata barabara?"

"Ungekuja kuyasema hapa! Ungegombana na mimi hapa! Mbona ulinipasulia kuni?"

Atonwa alitazama chini. "Ungenivua."

"Ndiyo, ningekuvua!"

"Basi nivue sasa. Lakini siku niliyosaini nilikuwa na pembe, na wao pembe hizo wanazitambua. Muda ulinipa mwenyewe."

Mkuu wa vita, ambaye kwa desturi ndiye hutamka onyo la mwisho, akatoa onyo la tatu, ingawa lilikuwa limeshachelewa. Wari akazitoa pembe kwa mikono yake, akasema kwa sauti kwamba ukoo haumjui tena mtu huyu. Atonwa akatoka bila kuaga, na gari la serikali lilikuwa likimsubiri nje.

Wari akageukia wanawake wa ukoo wake. Alitaka wamwambie pole. Alitaka hata Anen amshike mkono. Wakazitazama pembe mikononi mwake.

"Nivueni na mimi," alisema.

Hakuna hata mmoja aliyekataa.