Bluu Niliyoiona Mikumi

Ufundi wa ndege nimeusomea ugenini kwa jasho langu, nikiosha vyombo vya watu ili nilipe ada. Nikarudi Kilosa na diploma. Ipo sebuleni, imetundikwa. Anayebisha na aje aisome.

Ndiyo maana mapipa yale yalinitia kinyaa tangu siku ya kwanza. Tajiri niliyemfanyia kazi Mikumi alikuwa na ndege ya injini moja ya kubebea abiria, akiirusha mwenyewe, na mafuta yake aliyaweka nje kwenye mapipa yaliyosimamishwa wima. Mvua ilituama juu ya vifuniko na kupenya ndani. Nikamwambia ayalaze na kuyaezekea.

"Fundi, hilo ni pipa, si mgonjwa," akanijibu.

Mapipa yalitunzwa na mzee mmoja wa Munisagara. Asubuhi ya safari yetu nilimwamkia, na ndege ilipokwisha kujazwa kutoka kwenye mapipa nikafungua koki ya tangi chini ya bawa na kukinga mafuta kwenye glasi. Mafuta ya ndege hizi hutiwa rangi ya bluu. Yakichanganyika na maji, maji hukaa chini na mstari huonekana. Niliinua glasi juu: bluu tupu, hakuna mstari.

"Nusa, mwanangu," mzee alisema.

"Mzee, haya mambo nimeyasomea."

"Na pua nayo ina diploma?" Akacheka. Sikunusa.

Tulikuwa juu ya Kilangali injini ilipoanza kumisi, ikikatakata mlio. Ikapoteza nguvu, ikazimika. Tajiri akaiteremsha ndege kwenye shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa. Tukagonga matuta mawili ya majaruba, tukasimama magurudumu yakiwa topeni. Hatukuumia. Kabla hata ya kumshukuru Mungu, tajiri alimpigia mzee simu, spika ikiwa wazi.

"Shikamoo, bosi," mzee akasema. Mtu wa umri wa kumzaa!

"Marahaba," tajiri akaitika bila aibu. "Umeniwekea maji. Acha funguo, uondoke leo leo."

Wakati huo nilikuwa chini ya bawa nikikinga tena. Safari hii nilishika glasi mbele ya shati langu jeupe. Hapakuwa na bluu. Nikanusa: hapakuwa na harufu. Asubuhi nilikuwa nimetazama glasi iliyojaa maji matupu, na bluu niliyoiona ilikuwa ya mbingu. Mstari ungetoka wapi? Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Mwache mzee," nikamwambia tajiri. "Nilipima mimi, na aliniambia ninuse."

"Nyamaza, fundi. Wewe una diploma ya kuwaonyesha abiria. Yeye ana nini?"

Nikachukua kitabu cha kumbukumbu za ndege, kile kinachosomwa na wakaguzi, nikaandika: maji kwenye mafuta; mapipa yalisimamishwa mvuani; aliyepima ni mimi; mtunza mapipa alinitahadharisha. Nikasaini jina langu lote.

"Chana hiyo," akasema.

"Chana wewe, bosi, kisha usaini kwamba umechana."

Alikisoma kitabu, akanirudishia. Siku ya tatu mzee aliitwa arudi kazini, bila hata neno la pole.

Mapipa bado yamesimama. Nikifungua koki, mzee huja na sahani nyeupe ya bati, akaishika nyuma ya glasi. Tajiri akipita, mzee humwamkia shikamoo, naye huitika. Mimi huinamisha kichwa nikanusa.