Dereva wa Gari Lililovutwa

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana tukifika katikati hutacheka. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, na mke wangu aliyeliona pamoja nami yuko hai mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha sinema za afya na kilimo vijijini, na mkuu wangu wa kazi pale Morogoro mjini aliniambia nichague gari la kuishi. Si la kusafiria tu, la kuishi: mimi, mama Neema na mtoto wetu wa miezi sita, mwaka mzima, kijiji hadi kijiji. Nyuma yake tungevuta gari dogo, la kuingia kwenye njia nyembamba ambako kubwa halipiti.

Kwenye yadi moja Kihonda palikuwa na magari mawili ya namna hiyo. Moja lilikuwa lori lenye kibanda cha mbao mgongoni. Jingine lilikuwa basi lililoachwa na wajenzi wa barabara, pamoja na gari lake dogo la kuvutwa. Ndani ya basi mlikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa na tangi la maji.

Ngoja nikueleze jinsi ya kuchagua, huenda siku moja ukahitaji. Usianze na kitanda. Anza na breki, kwa sababu gari linalovuta jingine husimamisha uzito wa magari mawili. Kisha injini: inaweza kupanda mlima ikiwa imebeba maji, vyombo na watu? Kisha kagua chuma kinachounganisha magari hayo mawili, uone kama hakina ufa pale kilipoungwa. Gari la nyuma liwekwe gia huru, usukani wake usifungwe ili magurudumu yafuate yenyewe, na mtu asikae ndani yake kamwe.

Nilipima yote hayo, basi likashinda. Mama Neema alitaka lori. Sababu hakuwa nayo, alisema tu kwamba mle ndani ya basi mtoto analia. Alilia kweli, lakini watoto si hulia?

Mlinzi wa yadi alikuwa Mluguru wa makamo. Mimi ni Mnyamwezi. Unajua watani wanavyosalimiana.

"Wewe mpagazi," akaniambia, "babu zako walibeba mizigo ya watu kichwani, leo unataka nyumba ikubebe wewe?"

"Nyamaza, mbuzi wa mlimani. Nyie hata mashamba mmeyatundika ukutani."

Akacheka. Halafu akasema, kwa sauti ile ile, "Hilo basi liache. Lina mtu. Dereva mmoja alikaa kwenye hilo gari dogo wakilivuta kushuka mlima, akafia humo. Mpaka leo hajashuka."

"Vizuri, atanisaidia kupiga honi," nikasema, tukacheka wote wawili.

Hapo ndipo nilipokosea. Mtani anaweza kukutangazia kifo chako mwenyewe ukacheka, ndiyo desturi yetu. Sikufikiri kwamba mtani naye ana siku yake ya kusema kweli.

Safari ya kwanza tulipita Mzumbe, tukakata kuelekea Mlali, tukapanda hadi Mgeta. Basi lilipanda vizuri, nikajisifu. Siku ya tatu, alasiri, tukaanza kushuka, na ukungu ukashuka pamoja nasi. Kwenye kona moja nikatazama kioo cha pembeni. Kulikuwa na mtu kwenye usukani wa gari la nyuma.

Nilidhani ni mwanakijiji aliyedandia lifti. Nikasimama, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikaenda kuangalia. Hakuna mtu. Milango imefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ila usukani ulikuwa umezungushwa wote kuelekea upande wa bonde.

Niliporudi, mama Neema akaniuliza, "Baba Neema, yule mzee umempakia wapi?"

"Mzee yupi?"

"Wa gari la nyuma. Namwona dirishani tangu tulipopita shule kule juu. Anapunga mkono kama anayeomba kushuka."

Nikaondoa mawe, nikatia gia ya kwanza. Hatukufika mbali. Gari la nyuma lilianza kuyumba, si kama gari linalofuata, bali kama linaloendeshwa, likivuta mkia wa basi letu kuelekea bondeni. Nikakanyaga breki mpaka goti likauma. Tulisimama gurudumu moja likiwa kwenye majani ya ukingo. Na mtoto, niamini, alikuwa amenyamaza kimya, anatazama nyuma.

Nikamshusha mama Neema na mtoto. Nikatia mawe magari yote mawili, nikachomoa pini ya kile chuma. Sasa maneno ya mlinzi yalikuwa yakinipigia kelele kichwani. Nikasimama pembeni ya mlango wa gari dogo, nikasema, "Shikamoo mzee. Tumefika. Unaweza kushuka."

Halafu sauti ya mtu aliyechoka: "Marahaba, mwanangu. Nilipiga honi sana."

Tuliliacha gari dogo pale pale, tukaondoka na basi. Kesho yake nilirudi na wenzangu wawili kulichukua, hatukulikuta. Tulilikuta chini kabisa, Mlali, kando ya nyumba iliyobomoka, limeegeshwa vizuri, breki ya mkono imevutwa. Jirani alisema pale aliishi dereva wa wajenzi wa barabara. Ufunguo bado nilikuwa nao mimi.

Ofisini niliandika kwamba chuma kilifunguka. Hawakuniamini, wakanihamishia stoo. Ningeandika nini kingine? Tangu siku ile sijavuta gari. Na mama Neema, popote tunaposimama, hata tukiwa wawili tu, husema kwa sauti, "Tumefika, shukeni wote," kisha husubiri kidogo kabla ya kufunga mlango.

Wewe unayekwenda kuchagua gari la kuishi, pima breki, pima injini, usikate tamaa, utapata zuri. Lakini uliza pia ni nani aliyekaa humo kabla yako, na kama alishuka. Na kabla hujapata jibu, usiingize mtoto ndani.